Maua Niliyoyaita ya Porini

Kazi yangu ni kupanga maua katika koo zake. Kwa miaka mingi nimeishi na swali moja ambalo kwa msikilizaji laonekana la kitoto: hili ni ndugu wa lipi? Waliotutangulia katika taaluma hii walilijibu kwa macho. Walihesabu petali, wakatazama umbo la jani na ngozi ya tunguu, kisha wakaweka pamoja vile vilivyofanana. Sisi tuliokuja nyuma yao tumefundishwa kutoyaamini macho. Mimea miwili yaweza kufanana kama mapacha, kumbe kila mmoja umetoka kwenye shina lake, na ukame uleule ndio ulioichonga sura moja. Mingine miwili yaweza kuwa haifanani hata kwa jani, nayo ikawa ya tumbo moja. Kinachoamua ni nasaba: nani alitokana na nani, na walitengana kwenye njia panda ipi. Nasaba hiyo tunaisoma ndani ya vinasaba vya jani, kisha tunaichora kama mti.

Kabla ya mti nilianza na majina. Nilipelekwa seminari ndogo nikiwa bado sijaota ndevu, na huko nikapenda Kilatini kama wenzangu walivyopenda mpira. Mama yangu alizaliwa katika kijiji kimoja upande wa Kahama, lakini mimi nilikulia mjini Shinyanga, na baada ya hapo kengele za bweni ndizo zilizonilea. Likizo zilikuwa fupi. Kisukuma changu kiliishia kwenye salamu na majina ya vyakula. Nayataja haya kwa sababu yalikuja kuwa na uzito ambao sikuutarajia.

Nilipofadhiliwa kwenda kusoma ng'ambo, profesa wangu alinipa tulipu za porini. Ni maua ya milima ya mbali yenye theluji, madogo na mafupi kuliko yale ya mapambo, na spishi zake zimewagombanisha wataalamu tangu zamani. Ugumu mmoja ulinivutia kupita yote. Katika mashamba ya ngano ya Ulaya kulikuwa na tulipu ambazo mabingwa wa kale walizipa majina ya spishi, wakiamini zilikuwa hapo tangu kuumbwa kwa nchi. Baadaye ikaeleweka kuwa zilikuwa zimetoroka kwenye bustani. Mikono ya watu ilizileta, watu wakafa, bustani zikasahaulika, maua yakabaki shambani yakijifanya wenyeji. Kwa hiyo profesa wangu alikuwa na amri moja kwa wanafunzi wake: neno "porini" lisiandikwe kwenye karatasi ya kielelezo kabla ya kuuliza ni nani aliyewahi kuishi mahali pale. Niliitii amri hiyo kwa bidii yote, katika nchi za watu.

Niliporudi nyumbani nilichagua ua la kwetu. Kilatini tunaliita krinumu. Mama yangu mdogo, ambaye ndiye aliyenipokea kijijini, aliyaita maua ya mvua na hakuona haja ya jina jingine. Hulala ardhini kiangazi kizima. Mvua za kwanza zikigonga, hutoa kikonyo kinene chenye maua kadhaa meupe, na kila petali ina mstari wa rangi ya zambarau katikati kama mtu aliyepakwa wino. Tunguu lake hufikia ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Mabingwa wa zamani waliliweka katika ukoo mmoja na tulipu, kwa kuwa yote mawili yana tunguu na petali sita. Nasaba imeyatenganisha. Leo tunajua kwamba lina undugu wa karibu zaidi na kitunguu tunachokaangia nyama kuliko na tulipu yoyote, na nilipomweleza hivyo Mama Mdogo alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kwa hiyo serikali imekusomesha ng'ambo uje uniambie kitunguu ni ndugu wa ua?"

"Ndiyo, Mama Mdogo."

"Na hujaoa."

Alikuwa mjane. Shamba lake lilianza mbugani, kwenye majaruba ya mpunga, likapanda taratibu hadi kwenye udongo wa kichanga karibu na kilima. Huko juu alilima viazi vitamu, na viazi hivyo alivikata, akavianika, akapata michembe ya kula na kuuza kiangazi kizima. Mpunga ukikosa maji, ambalo ni jambo la kawaida, michembe ndiyo iliyobeba nyumba. Kilimani, ubavuni mwa shamba lake, lilikuwa shamba la jirani yake, mzee mchangamfu aliyekuwa amewakaribisha wachimbaji wa dhahabu. Wao huliita shimo la kuchimbia "duara", na tangu mwaka uliotangulia maduara yao yalikuwa yakishuka kilima moja baada ya jingine, kifusi kikimwagika mbele yao.

Katika safari ile nilikuwa nimekwisha kukusanya krinumu za sehemu nyingi: karibu na Tinde, pembezoni mwa Kahama, na magharibi hadi kwenye misitu ya Runzewe. Kwa Mama Mdogo nilifika mwisho. Siku ya pili alipata habari kwamba binti yake aliyeolewa Tinde amejifungua, akafunga kanga zake na unga wa uji wa uzazi aende akamtunze. Akiwa tayari amepanda pikipiki alinigeukia.

"Maua yako yamejaa kila mahali. Chimba popote mwanangu, shamba ni lako."

Nikachimba. Mbugani, chini ya majaruba, nilipata krinumu zilizotawanyika, nikachukua chache kama taratibu inavyotaka. Kule juu nikakutana na jambo lililonifurahisha: krinumu zilizochanua kwa mpigo mmoja, kwenye mstari mrefu uliopanda kilima, petali zake pana kidogo kuliko zile za mbugani na mstari wake umekolea zaidi. Niliuona mstari ule wa maua. Siwezi kusema sikuuona. Nilijiuliza kwa nini yamejipanga hivyo, nikajijibu kwamba lazima chini yake kuna mkondo wa maji, kwa maana krinumu hupenda unyevu. Niliona pia kwamba maua yaliyonyauka hayakuwa na mbegu, jambo ambalo kwa tulipu lingenisimamisha pale pale, kwa sababu mimea iliyozoea kupandwa na watu mara nyingi husahau kuzaa mbegu. Hapa halikunisimamisha. Nilifikiri mvua ndiyo iliyochelewa.

Nimelipindua jambo hili kichwani mara nyingi, na kila mara nafika palepale. Nilipokuwa milimani kwa watu, kila ua nililiuliza: nani aliishi hapa, nani alikupenda, nani alikubeba? Nilipofika kwenye ardhi ya mama zangu sikuuliza. Katika kina cha elimu yangu nilikuwa nimeamini kwamba wengine wana bustani na sisi tuna pori.

Kifusi cha duara la karibu kilikuwa kimefika umbali wa kutupa jiwe. Nikaamua kwamba mimea ile itafukiwa muda si mrefu, na kwamba wajibu wangu ni kuiokoa: nichukue matunguu yote yakiwa hai, niyapande chuoni, nihesabu kromosomu kwenye mizizi michanga. Nilikuwa nimepiga magoti, jembe mkononi, jirani alipokuja akifuatana na wachimbaji wawili.

"Mwangaluka, Profesa!"

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, marahaba. Naona leo umekuwa mchimbaji mwenzetu. Duara lako limeshapiga jiwe?"

"Bado niko kwenye udongo."

"Ukipiga jiwe tuite, tuna karasha ya kusagia." Wale wawili wakacheka. Yeye akachuchumaa, akaligusa ua moja kwa kidole. "Hebu nifundishe na mimi. Haya ni ya kupandwa, au yamejiotea?"

"Ya porini, Baba."

"Porini kabisa?"

"Kabisa. Yamejiotea. Yanafuata maji yaliyo chini ya ardhi."

"Yanafuata maji!" Akainuka, akawageukia wenzake. "Mmemsikia Profesa? Yamejiotea. Sisi tusiosoma tungejuaje?" Kisha akaniambia kwa upole, "Basi chukua yote, mwanangu. Wiki ijayo kifusi kitayafukia, itakuwa hasara bure."

Nilidhani ananistahi. Nilimshukuru. Aliagiza hata mmoja wa wachimbaji anisaidie kuchimba yaliyozama sana, na yule bwana aliyafukua kwa ustadi wa mtu aliyezoea kutoharibu kilicho chini ya ardhi. Nilipima kila petali kwa bikari. Nilipima vikonyo, nikalinganisha rangi ya mistari na kadi yangu ya rangi, nikakata vipande vya majani na kuvitia kwenye chembe za kukaushia. Mahali nilipaandika mara moja tu kwa kifaa cha GPS, nikiwa nimesimama katikati ya mstari ule, kama tunavyofanya sote: kundi moja, nukta moja. Kwa sayansi yangu hayo yalitosha.

Mama Mdogo alikaa Tinde hadi mtoto alipotimiza arobaini. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi chuoni, na matunguu yake yalikuwa yamepangwa vizuri kwenye vyungu nyuma ya maabara, yakimwagiliwa asubuhi na jioni. Siku aliponipigia simu nilikuwa nimesimama mbele ya vyungu hivyo.

"Mwanangu, yale maua ya juu yako wapi?"

"Niko nayo hapa, Mama Mdogo. Yote mazima."

"Yote?"

"Sikuacha hata moja."

Nikasikia akivuta kigoda na kuketi.

"Mama Mdogo?"

"Nipo. Wamechimba duara ndani ya viazi vyangu. Nimewaambia mmevuka mpaka. Wananiuliza, mpaka gani? Nikawapeleka niwaonyeshe." Akavuta pumzi. "Si nilikuambia chimba popote? Nilisema mwenyewe, popote. Nilidhani hakuna mtu wa kuambiwa kwamba mpaka hauchimbwi."

Hakuninunia, na hilo lilikuwa gumu kulibeba kuliko matusi. Alinieleza kama mtu anayemweleza mtoto wa mjini kwa nini hapiti nyuma ya ng'ombe. Baba mkwe wake, Msumbwa kwa kabila, alihamia pale kutoka Runzewe akiwa na mke, ng'ombe, na matunguu machache ndani ya kikapu. Aliyapanda kwenye mpaka yeye na baba wa jirani yule, wote wawili wakiwa wameshika jembe, kisha mwaka baada ya mwaka wakayagawa yalipozaana mpaka mstari ukafika juu. Alikuwa akisema kwamba jiwe la mpaka husogezwa, na mti wa mpaka hukatwa kuni. Lakini ua hili ng'ombe halili kwa sababu lina sumu, na hakuna mtu mwenye akili zake atakayehangaika kung'oa ua.

Vipimo vya vinasaba nilivyokuwa nimevituma vilirudi baada ya siku chache. Niliuchora mti. Krinumu za Tinde zilikaa pamoja kwenye tawi lao, za Kahama kwenye lao, na zile za mbugani mwa Mama Mdogo zilikuwa jirani za Kahama, kama ilivyotazamiwa. Krinumu za mstari wa juu hazikuwa pamoja nazo. Zilikuwa zimeketi upande wa pili kabisa wa mti, ndani ya tawi la Runzewe, mbali na ndugu wa bandia waliokuwa wakichanua mita chache chini yao. Tena zenyewe kwa zenyewe hazikuwa na tofauti hata moja. Zote zilikuwa vichipukizi vya tunguu moja. Chipukizi la krinumu hukaa ubavuni mwa mama yake. Halipandi kilima kwa mstari ulionyooka. Yalikuwa yamebebwa kwa mkono.

Mwanazuoni hupata mti ulio wazi namna ile mara chache maishani, na kwa kawaida huwaita wenzake waje wautazame. Mimi nilizima kompyuta. Kila tawi lilisema yale aliyoniambia mjane kwenye simu, na mimi ndiye niliyeufuta ushahidi wake ardhini kabla ya kuusoma.

Nikapanda basi hadi Kahama, na kutoka hapo pikipiki. Baraza la kata, ambako Mama Mdogo alikuwa amepeleka malalamiko yake, lilikutana kwenye veranda ya ofisi. Kazi yake siku hizi ni kusuluhisha, si kuhukumu, na mwenyekiti wake, mama mtu mzima aliyetumia nusu ya maisha yake akiuza mpunga, alituketisha kwenye mabenchi mawili yanayotazamana. Mama Mdogo alikaa pembeni yangu amejitanda kanga, mikono juu ya magoti. Jirani alikuwa na wachimbaji wale wawili kama mashahidi. Alisimama akasema kwa kifupi kwamba hana ugomvi na mama yule, ni jirani yake tangu alipoolewa hapo. Ila mpaka wa maua hajawahi kuusikia, na maua yenyewe msomi wa familia yao amethibitisha mbele ya watu kuwa yamejiotea.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, ulisema au hukusema?"

"Nilisema, Mama Mwenyekiti."

"Ulisemaje?"

"Kwamba ni ya porini."

"Na leo unasemaje?"

"Yalipandwa."

Jirani hakupandisha sauti. "Mwenyekiti, mimi darasa la saba naomba kuuliza. Siku ile alikuwa ameyashika mkononi, anayaona, akasema porini. Leo hayapo, hayaoni, ndiyo anajua yalipandwa? Elimu gani hii inayoona vizuri gizani?"

Watu wakacheka, nami ningecheka kama ningekuwa kwenye benchi jingine. Nilieleza kadiri nilivyoweza. Nilisema kwamba siku ile nilitazama sura, na sura hudanganya. Kwamba sasa nimetazama damu. Nilisema maua yale ni wana wa tunguu moja, na kwamba ndugu zao wako Runzewe wala si kule mbugani.

"Kumbe nayo ni wahamiaji kama sisi!" mchimbaji mmoja akadakia. Yeye mwenyewe lafudhi yake ilikuwa ya kusini.

"Yana kitambulisho cha taifa?" mwenzake akauliza.

"Nyamazeni," mwenyekiti akasema, lakini naye alikuwa akitabasamu. Akafikiri kidogo, kisha akamwuliza jirani, "Baba yake mume wa huyu mama alitoka wapi?"

Jirani akakuna shingo. "Huko... Runzewe."

"Sote tunajua alitoka Runzewe. Nilikuwa msichana nikimwona akipita na ng'ombe wake. Sasa maua ya Runzewe yalikuja hapa kwa miguu?"

Nilihisi Mama Mdogo akijiweka sawa kwenye benchi. Kwa muda mfupi niliamini kwamba elimu yangu imelipa ilichoharibu. Mwenyekiti alitamka kwamba baraza limekubali: maua yalipandwa, na yalipandwa yawe mpaka. Kisha akainuka na kutuamuru sote twende shambani.

Huko juu sikupatambua. Mahali palipokuwa na maua palikuwa na kifusi cha rangi ya maziwa yaliyomwagiwa majivu, na duara moja limefungua kinywa katikati ya matuta ya viazi, na winchi ya miti juu yake. Mashimo niliyoyaacha nilipong'oa matunguu yalikuwa yamefukiwa kabisa.

"Haya, Mwalimu," mwenyekiti akasema. "Tumekubali yalikuwepo. Tuonyeshe. La kwanza lilikuwa wapi, na la mwisho?"

Niliwasha kifaa changu, nikatembea mpaka kikaniambia nimefika. Nikasimama juu ya kifusi. "Hapa mstari ulipita."

"Hapo katikati. Na mwanzo wake?"

Nikatazama juu ya kilima, nikatazama chini. Niliukumbuka mstari, lakini niliukumbuka kama mtu anavyokumbuka uso: ulipanda, ulikuwa mweupe, nyuki walikuwepo. Je, ulielekea ule mwamba uliopasuka, au mti wa mgunga ulio kushoto kwake? Kati ya mwamba na mgunga palitosha shamba zima la viazi. Ningeweza kumwambia upana wa petali ya kila ua kwa sehemu ya milimita. Mstari hauchorwi kwa nukta moja, na mimi nilikuwa na nukta moja.

"Kwenye mwamba," Mama Mdogo akasema, akiunyoosha mkono. "Ulikwenda kwenye mwamba."

"Kwenye mgunga," jirani akasema.

Mwenyekiti alinitazama mimi. Wote walinitazama. Nilitaka kusema mwamba. Nilimwamini Mama Mdogo, na bado namwamini. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema uongo mara moja pale pale kwa kudhani ni ukweli, na sikuweza kusema kwa kiapo jambo ambalo sikulijua. Labda hilo nalo lilikuwa kosa. Siku hizi, nikiwa peke yangu, nadhani kwamba nilichagua kulinda usafi wa neno langu wakati ambapo halikuwa na usafi wa kulindwa, na kwamba aliyelipa gharama ya usafi huo alikuwa mtu mwingine.

"Sijui," nikasema.

Baraza linalosuluhisha hufanya linaloweza. Mwenyekiti aliagiza kamba ifungwe kwenye nukta yangu na kuvutwa hadi katikati, baina ya mwamba na mgunga. Duara likaangukia upande wa jirani, na matuta mengi ya viazi pamoja nalo. Jirani akakubali haraka. Mama Mdogo aliuliza kama kuna zaidi ya hapo. Akaambiwa anaweza kwenda wilayani. Nilimwambia palepale kwamba nitamsindikiza na nitagharamia kila kitu.

"Niende na nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Na nukta yako?"

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anauliza kweli.

Kabla hatujatawanyika mwenyekiti alitoa agizo moja zaidi. "Maua yarudi. Mwalimu mwenyewe ayapande kwenye kamba hii, pande zote mbili zikiona, yasije yakasemwa tena kwamba yamejiotea."

Nikayarudisha mvua zilizofuata, yakiwa yamefungwa kwenye magunia ndani ya buti la basi. Yalikuwa yamenenepa chuoni, mengine yamezaa vichipukizi. Jirani alikuja mapema, amevaa vizuri, akashika ncha ya juu ya kamba kwa furaha ya mtu anayesaidia harusini. Mama Mdogo alishika ncha ya chini. Mimi nilikwenda katikati yao na jembe, nikichimba na kuzika.

Nilijua ninachokifanya, pengine kuliko mtu yeyote ambaye amewahi kupanda ua katika nchi ile. Nilikuwa nikitumia mimea ya kweli kuandika uongo. Kifusi kitaota majani, sisi tuliosimama pale tutakufa, na siku moja mtu mwenye elimu bora kuliko yangu atapita, atayaona maua yamejipanga, naye atauliza swali ambalo mimi sikuuliza. Atakata vipande vya majani. Mti wake utamwambia kwamba haya yalibebwa kutoka Runzewe na mkono wa mtu, na atakuwa sahihi. Atahitimisha kwamba mstari huu ndio mpaka uliowekwa na mhamiaji yule, na hapo atakosea, wala hakuna chembe ndani ya jani itakayomsahihisha. Nimeliandika jambo hili kwenye makala yangu ya kitaaluma kwa sentensi moja, mahali ambapo wahariri waliniruhusu: kwamba mimea ya eneo hili iliondolewa na kupandwa upya, na mahali pake pa asili hapajulikani. Sentensi hiyo ni sahihi. Mama Mdogo hatapata kiazi hata kimoja kutokana nayo.

"Lizamishe zaidi," aliniambia, kwa kuwa nilikuwa nimeacha shingo ya tunguu nje. "Mvua italifukua."

Nikalizamisha.

"Panda vizuri, Profesa," jirani akaita kutoka juu. "Tusije tukakusumbua tena kuja kutoka mbali."

Mama Mdogo hakugeuka kumtazama. Alikuwa akiutazama udongo nilioushindilia kwa viganja, mchanganyiko wa mchanga wake wa viazi na kifusi cheupe.

"Kwenye takataka hizi yatashika?"

Krinumu ni mmea mgumu. Hustahimili ukame, mafuriko, kwato na moto, na huishi miaka mingi kuliko mtu aliyeupanda. Nilitamani kuwa na jibu jingine.

"Yatashika, Mama Mdogo."

Akatikisa kichwa polepole, akaikaza kamba mkononi, akasogea hatua moja ili nipate kuchimba shimo linalofuata.